Kumfundisha kijana udereva wa milimani: mwongozo kamili kwa wazazi na walezi wa Nyanda za Juu Kusini

Mpwa wangu alipata leseni akiwa na miaka 19. Shule aliyosomea ilimfundisha kwenye uwanja wa mpira: kwenda mbele, kurudi nyuma, kuzunguka vigingi, kuegesha. Alifaulu vizuri tu. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunapanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, yeye kwenye usukani, mimi pembeni. Foleni ikasimama katikati ya mwinuko. Magari ya mbele yalipoanza kusogea akaachia breki, gari likazima, likaanza kurudi. Nyuma yetu kulikuwa na fuso lililopakia mbao. "Mjomba, linarudi!" Mkono wake wa kushoto ulibaki hewani, haujui uende wapi. Hendibreki nikaivuta mimi. Kati ya bampa letu na lile fuso ilibaki nafasi ya mtu mmoja kupita ubavu.

Binti yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumfundisha mlima, basi. Na huku kwetu, kuanzia Kitonga mpaka Tunduma, kuanzia Makambako mpaka Lukumburu, barabara ni mlima. Nimeendesha semi trela kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, barabara ya zaidi ya kilomita 900, na vijana niliowafundisha baada ya kushuka kwenye lori nimewafundisha kwa utaratibu ninaouandika hapa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Kijana wako yumo humo. Kwa hiyo usimwachie mwalimu wa shule ya udereva kazi yote. Mwalimu ana wiki chache, wewe una miezi.

Kabla ya kuwasha gari

Anza na karatasi. Kijana awe ametimiza miaka 18 na awe na leseni ya kujifunzia, ile ya daraja H tunayoiita lena. Inadumu miezi mitatu. Gari liwe na alama ya L nyekundu mbele na nyuma, na anayekaa naye awe dereva mwenye leseni hai. Wapo wazazi wanaoanza kumpa mtoto wa miaka 15 gari "azungushe tu hapa mtaani". Mtaani ndiko watoto wanakochezea, na bima haitakusikiliza siku ikitokea.

Halafu chagua nani akae naye. Hapa familia nyingi zinakosea. Baba anayejua sana kuendesha lakini anapiga kelele hafai. Kelele inamfanya mwanafunzi akutazame wewe badala ya barabara. Kama una hasira za karibu, mpe kazi hiyo shangazi, kaka mkubwa, au jirani mtulivu. Kubalianeni maneno machache kabla ya kuondoka: "punguza", "simama", "shika kushoto", "subiri". Hayo yanatosha. Neno "angalia!" lipigeni marufuku, maana halimwambii aangalie wapi wala afanye nini. Wewe kaa mahali ambapo mkono wako unaifikia hendibreki.

Mfundishe gari lenyewe akiwa chini, kabla hajapanda. Tairi kwanza. Huku tairi za mtumba ni nyingi, na nyingine zina meno mazuri lakini mpira umezeeka. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2314, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mwambie azisome zote nne, na ya akiba. Akikuta nyufa ndogondogo kama za udongo uliokauka, tairi hiyo haifai kushuka mlima hata kama haijawa kipara.

Baada ya tairi, mafuta ya breki. Vijana wanajua kupima oili ya injini, lakini mafuta ya breki wachache wanayajali. Yanavuta unyevu kadiri yanavyokaa, na yenye unyevu huchemka upesi breki zikipata moto mteremkoni. Yakichemka, unakanyaga breki inazama mpaka chini kama unakanyaga sponji. Kama hukumbuki yalibadilishwa lini, yabadilishe kabla ya kuanza mafunzo ya mlima.

Uwanja wa mpira una kazi yake

Sijaudharau uwanja. Klachi, gia, kurudi nyuma kwa kutumia vioo, kuegesha, hayo yote afundishwe hapo, na shule yake ya udereva itayamaliza. Mimi uwanja nautumia kwa jambo moja ambalo sijaona shule nyingi zikilifanya.

Chukua vijiti vitatu. Simama golini na kijana. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwenye makazi, gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Tangu jicho lione hatari mpaka mguu ufike kwenye breki inapita kama sekunde moja na nusu, kwa hiyo mita 21 zimekwenda kabla breki haijaanza kazi. Breki yenyewe, kwenye lami kavu na tambarare, itakula mita 14 nyingine. Tembeeni hatua 35 ndefu, chomeka kijiti cha kwanza. Kwa mwendo wa 80, ni mita 33 za kushtuka na 35 za breki: chomeka kijiti cha pili kwenye mita 68. Kwa 100, jumla inakaribia mita 97. Kijiti cha tatu kitakuwa kwenye goli la upande wa pili.

Mwache asimame pale aangalie alikotoka. Hajawahi kuuona mwendo kwa namna hiyo. Kisha mwambie kwamba hayo ni mahesabu ya lami kavu, na huku kwetu mvua inaanza Novemba na hukaa mpaka Aprili. Lami ikilowa, ile sehemu ya breki inaweza kukaribia mara mbili. Mteremko nao unaongeza zake.

Macho kabla ya miguu

Dereva mgeni huangalia boneti na mita chache mbele yake. Mzoefu anaangalia mbali, anarudi karibu, anatupa jicho kwenye kioo, anarudi mbali tena. Hii haiji yenyewe, hufundishwa. Uingereza iliongeza mtihani wa kutambua hatari kwenye majaribio yao ya udereva mwaka 2002 kwa sababu hiyohiyo. Sisi tunaweza kuufanya nyumbani bila kompyuta.

Zoezi ni hili: kijana aendeshe huku akisema kwa sauti kila anachokiona na anachodhani kitatokea. Kutoka Mwanjelwa kwenda Uyole asubuhi hatakosa cha kusema. "Daladala limewasha indiketa ya kushoto, linashusha, mtu anaweza kuchomoka mbele yake. Bajaji ile dereva amegeuza kichwa kulia, atakata. Mama amebeba ndizi kichwani, hawezi kugeuka haraka. Watoto wa shule wawili upande huu, mmoja upande ule, huyo mmoja atawafuata wenzake." Huyo wa mwisho ndiye ninayemsisitizia kila mwanafunzi. Mtoto aliyetengana na wenzake barabarani huvuka bila kuangalia.

Akikosa hatari uliyoiona wewe, usimkaripie. Muulize: "Yule bodaboda pale kushoto ulimwona?" Fanyeni dakika 15 tu kila mnapotoka, zaidi ya hapo anachoka na sauti inageuka kasuku. Anza hata kabla hajashika usukani, akiwa abiria kwenye kiti cha mbele mkienda sokoni.

Kama mnaishi Mbeya mjini, kumbukeni pia ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi. Barabara inayojengwa hubadilika mara kwa mara: palipokuwa na njia jana leo pana kifusi. Kijana aizoee kwanza mkiwa wote, saa ambazo magari ni machache.

Kuondoka kwenye mwinuko

Tafuta mtaa wenye mlima lakini usio na magari. Mbeya inapopanda kuelekea Loleza, au mitaa ya pembeni pale Iringa, Jumapili alfajiri panafaa. Simamisha gari, hendibreki juu.

Sasa akanyage klachi yote, aingize gia ya kwanza, mguu wa kulia uongeze mafuta kidogo mpaka injini iimbe. Aanze kuachia klachi polepole sana. Kuna mahali sauti ya injini inazama na boneti linajiinua kidogo kama ng'ombe anayeanza kuvuta. Hapo ndipo. Miguu isitikisike. Anateremsha hendibreki, gari linabaki limening'inia, haliendi wala halirudi. Anaongeza mafuta, linaondoka.

Mara ya kwanza litazima. Mara ya tano litazima. Mfanyishe mara 20 asubuhi hiyo na mara 20 Jumapili ijayo, mpaka mkono wa kushoto uende kwenye hendibreki bila kuamriwa. Mwenye gari la otomatiki asidhani zoezi hili halimhusu. Mengi hurudi nyuma kidogo kwenye mwinuko mkali, na kijana anayejifunzia otomatiki siku moja atapewa pikapu ya gia.

Jambo dogo lakini la lazima: kwenye foleni ya mlimani aache nafasi ya kutosha kuyaona matairi ya nyuma ya gari lililo mbele yake yakigusa lami. Huyo wa mbele naye anaweza kuwa mgeni.

Kushuka

Hapa ndipo watu wanapopotelea. Mteremko wa Iwambi, Mlima Nyoka, Igawilo, Kitonga, Nyang'oro kwenye njia ya Dodoma: majina haya tumeyasikia redioni kwa sababu moja, lori limefeli breki. Kijana anatakiwa aelewe breki inafeli kwa nini, siyo akariri tu kwamba ni hatari.

Breki huzuia gari kwa msuguano, na msuguano ni joto. Mteremko wa kilomita kadhaa ukikanyagiwa breki muda wote hupasha moto diski na pedi mpaka pedi zinapoteza mng'ato, na yale mafuta niliyoyataja yanachemka. Dereva anakanyaga, gari halisikii. Gia ndogo inafanya kazi hiyohiyo bila moto huo: injini yenyewe inalishikilia gari.

Kanuni ya madereva wa zamani ni kwamba mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia, au moja chini yake. Kwa gari dogo mara nyingi ni gia ya pili au ya tatu. La otomatiki lina herufi L au namba 2, mengine yana alama ya kujumlisha na kutoa pembeni ya gia. Kijana azijue kabla ya safari, maana watu wengi wamemiliki gari miaka mitano hawajawahi kuigusa L. Na gia iingie kabla ya kuanza kushuka. Ukisubiri gari lishike kasi ndipo uitafute gia, unaweza kuikosa ukabaki na nyutro, yaani gari halimo kwenye gia yoyote.

Nyutro ni marufuku mlimani, hata kama jirani amemwambia inapunguza matumizi ya mafuta. Magari mengi ya siku hizi hukata mafuta yenyewe yakishuka kwenye gia mguu ukiwa nje ya ekseleta, kwa hiyo hakuna anachookoa. Kuzima injini ni kubaya zaidi: breki inakuwa ngumu kama jiwe na usukani unagoma.

Breki atumie hivi: gari likizidi mwendo aliouchagua, akanyage kwa nguvu ya kutosha lipungue, kisha aachie kabisa ili zipoe. Asiegemeze mguu. Akianza kusikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, ni pedi. Atafute mahali pana pa kutoka nje ya lami, asimame, asubiri nusu saa. Breki asizimwagie maji.

Zoezi la kwanza la kushuka lifanyeni kwenye mteremko mfupi ambao chini yake barabara inanyooka. Baadaye pandeni Isyonje kutoka Uyole, mgeuze gari, mrudi kupitia Igawilo, mchana, lami ikiwa kavu. Kaa kimya. Mwache ajichagulie gia, sikiliza injini. Akichagua ya tatu na gari likaanza kukimbia, muulize tu, "Linakushinda?" Atashusha gia mwenyewe.

Na breki zikifeli kweli? Mfundishe akiwa amekaa gari limezimwa, ayafanye kwa mikono na miguu mpaka azoee. Apampu breki harakaharaka, pengine shinikizo litarudi. Ashushe gia moja, halafu nyingine. Avute hendibreki kidogokidogo, siyo kwa mkupuo, maana ikifunga ghafla gari litageuka. Awashe hazadi, zile taa za dharura, na apige honi bila kuachia. Ikishindikana, alalie upande wa mlima, aparuze ukingo au majani. Upande wa korongo asiufikirie.

Kuna jambo jingine ambalo mimi niliyekuwa juu ya semi nataka kila kijana wa gari dogo alijue. Usikae mbele ya lori lililopakia mnaposhuka. Ukiona kwenye kioo lori linakuja taa zimewaka, honi haikatiki, huyo hakutukani, anakuomba njia ya kuishi. Toka kushoto nje ya lami, haraka. Wala usisimame kununua viazi au mahindi ya kuchoma chini ya mteremko mrefu. Simama baada ya kona ya pili.

Kupita lori

Kwenye barabara hii yenye malori ya kwenda Zambia na Kongo, kuovateki ndiko kunakomjaribu kijana kuliko kitu kingine. Mpe hesabu, siyo mahubiri.

Semi inapanda kwa mwendo wa 30. Wewe unaenda 60. Unatakiwa uumalize urefu wake wa karibu mita 20, uanze ukiwa mita 20 nyuma, urudi kushoto ukiwa mita 20 mbele, ujumlishe na urefu wa gari lako. Ni kama mita 65. Unamzidi kwa kilomita 30 kwa saa, sawa na mita 8 na kitu kwa sekunde, kwa hiyo utakaa upande wa kulia sekunde 8. Katika sekunde hizo wewe umekwenda mita 130, na basi linalokuja kwa 80 limekuja mita 175 hivi. Unahitaji kuona zaidi ya mita 300 zilizo tupu mbele yako kabla hujatoka. Hizo ni viwanja vitatu vya mpira. Kama lori linaenda 60 na wewe 80, zinahitajika zaidi ya mita 500. Mwulize: Kitonga kuna kona ngapi unazoziona mita 300 mbele yake?

Madereva wa malori wana lugha yao ya indiketa. Wengi wakiwasha ya kulia wanamaanisha usipite, kuna kitu kinakuja. Ya kushoto, njia nyeupe. Kijana aielewe, lakini asipite kwa jicho la mtu mwingine. Mwingine amewasha kulia kwa sababu anakata kulia, mwingine amesahau tu. Na nilipokuwa juu kule mimi nilipima nafasi ya kupita kwa gari ninalolijua, siyo kwa Vitz yenye watu watano.

Agizo langu kwa vijana wangu wote: miezi sita ya kwanza, lori linalotembea halipitwi mlimani wala kwenye kona, liwe linakwenda polepole kiasi gani. Kaa nyuma yake, mbali kiasi cha kuviona vioo vyake vya pembeni. Usipoviona wewe, naye hakuoni.

Ukungu, mvua na giza

Isyonje, Mafinga, Makambako na Njombe kuna siku ukungu unashuka mpaka huoni boneti vizuri. Taa ziwe dimu, siyo fulu, maana fulu inagonga ukungu na kukurudia usoni. Fuata mstari mweupe wa kushoto. Kioo kikitoka jasho kwa ndani, washa eisii (kiyoyozi) hata kama ni Julai na mnatetemeka, kitakauka kwa dakika chache. Ukiona huwezi kusimama ndani ya umbali unaouona, basi ni mwendo mkubwa, hata kama mita inasoma 30. Ukishindwa kabisa, toka nje ya lami kabisa. Kusimama juu ya lami kwenye ukungu ni kungojea kugongwa.

Mfundishe pia kusoma majani. Ukikuta tawi bichi limelazwa barabarani, halafu jingine, mbele kuna gari limekufa, mara nyingi baada ya kona na mara nyingi bila taa. Punguza kwenye tawi la kwanza. Na siku gari lenu likifa, weka pembetatu za kuakisi na matawi mbali vya kutosha, halafu mkiondoka myaokote matawi yote. Tawi lililoachwa linawafundisha madereva kwamba tawi ni uongo.

Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo zenye utelezi mbaya, oili na vumbi vya miezi vikichanganyika na maji. Kwa barabara za udongo za Rungwe na Njombe, gia ya pili, mkono mwepesi, breki kwa ncha ya mguu. Usiku nao uwe somo la peke yake, akiwa nawe, saa moja ya kwanza mjini, ya pili nje ya mji. Akipigwa fulu usoni, macho yaende kwenye ukingo wa kushoto mpaka gari lile lipite.

Leseni imetoka: miezi sita ya masharti

Mwaka 1987 New Zealand ilianza kutoa leseni kwa hatua: kijana haruhusiwi kila kitu siku moja, anaongezewa uhuru kidogokidogo. Nchi nyingi zimeiga, kwa sababu hatari kubwa kuliko zote iko kwenye miezi ya kwanza ya kuendesha peke yako. Jimbo la Victoria nchini Australia linadai kijana wa chini ya miaka 21 awe na saa 120 za kuendesha akiwa na msimamizi kabla ya kufanya mtihani wa barabarani. Piga hesabu ya kwetu. Saa tano kila wiki kwa miezi mitatu ya lena ni kama saa 60, na nyumba chache zinafikisha hata hizo.

Basi hatua hizo tuziweke sisi wenyewe nyumbani. Andikeni kwenye daftari, mzazi na kijana mtie sahihi. Langu lina haya: miezi mitatu ya kwanza haendeshi peke yake baada ya saa kumi na mbili jioni. Hapakii zaidi ya rafiki mmoja, maana vijana wanne kwenye gari hawana dereva, wana mashindano. Simu inakaa kwenye buti. Pombe hata tone hapana, na asiingie kwenye gari la aliyekunywa. Mkanda wafunge wote, wa nyuma pia. Mwezi wa kwanza ni ndani ya mji, wa pili na wa tatu mpaka Mbalizi au Inyala. Kitonga baada ya miezi sita, na safari ya kwanza muwe wote. Gari la familia halipakii abiria wa kulipa, kazi hiyo ina madaraja yake ya leseni.

Sharti la mwisho ni la mzazi. Kijana akipiga simu saa saba usiku kwamba hawezi kuendesha, amechoka au amechelewa, utaenda kumchukua, au utamtafutia usafiri, na usiku huo hutasema neno. Maswali kesho mchana. Ukimgombeza siku hiyo, siku nyingine hatapiga, ataendesha.

Kama ameanzia kwenye pikipiki

Wengi huku huanza na bodaboda. Leseni ya pikipiki ni daraja la A, siyo hilo la gari. Kofia iwe ya kufunga mkanda chini ya kidevu. Ile inayoning'inia inamtangulia kuanguka. Na aliyeendesha pikipiki ana faida moja: anajua gari dogo linavyomwonea. Mkumbushe hilo akiwa sasa kwenye usukani, asisahau alikotoka.

Ajali ikitokea

Namba ziwe kichwani, siyo kwenye simu iliyovunjika: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto. Azime injini, awashe hazadi, awatoe watu barabarani wakasimame upande wa juu wa mlima. Majeruhi asiyeweza kujigeuza asivutwe, isipokuwa moto unakuja. Na lori la mafuta likianguka, akimbie mbali. Mwezi Agosti 2019 pale Morogoro, kwenye barabara yetu hiihii, lori la mafuta lililipuka watu wakiwa wanachota, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa vijana.

Safari ya kuhitimu

Miezi sita ikiisha, pangeni safari ya kutwa. Mimi na mpwa wangu tulitoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi, tukapita Mafinga kwenye ukungu, chai tukanywa Makambako, tukashuka Chimala, tukapanda Inyala. Nilikaa kiti cha nyuma, kwa makusudi, mahali ambapo siifikii hendibreki. Kabla ya Mlima Nyoka tulikuta semi mbili zimefuatana. Aliweka gia ya pili, akabaki nyuma yake, akasubiri. Nyuma yetu Noah ikapiga honi mara tatu, ikatupita kwenye kona.

"Mjomba, nimpishe nani mwingine?" aliuliza.

"Yeyote anayetaka," nikamjibu.

Tulipofika Uyole aliegesha, akazima gari, akavuta hendibreki, ndipo akatoa simu kwenye buti ampigie mama yake.